Bahari Haikubisha Hodi, Imeingia Kisimani

Kuna mtihani mmoja wa maji ambao hautaki maabara wala profesa. Chota maji ya kisima, tia kwenye beseni, sugua kipande cha sabuni. Povu likija, hayo ni maji matamu. Sabuni ikigoma, ikaanza kuelea vipande vipande kama maziwa yaliyokatika, hayo ni maji ya chumvi, na kichwa chako kitakuwa kama brashi ya viatu hadi wikendi.

Kama umewahi kupanga chumba Likoni, Kisauni au hapa kisiwani Mombasa, mtihani huu unaujua. Una mitungi ya aina mbili pale mlangoni. Mmoja wa kuoga, kufua na kupiga deki, mwingine wa maji matamu ya kunywa na kupikia, yale yanayoletwa na jamaa wa mkokoteni. Mtu akikosea mtungi akapikia chai, nyumba nzima inajua kwa funda la kwanza.

Nimeanza na beseni kwa sababu tukisikia "bahari inapanda", wengi wetu tunaona filamu: wimbi refu kama ghorofa, watu mbio, mji unazama kabla bisi hazijaisha. Halafu Jumapili tunaenda Mama Ngina, tunakuta maji yako palepale, tunakula mihogo na pilipili, tunapiga selfi, tunarudi keja. Mbona bahari haijafika?

Wacha nikwambie. Imefika. Ni vile haikupitia mlango wa mbele.

Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, linasema kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi. Kuanzia 2006 hadi 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka, yaani karibu unene wa sarafu mbili ukizipandanisha. Maji yakipata joto yanatanuka, na barafu ya Greenland na Antarctica inayeyuka kuingia humo humo. Sarafu mbili kwa mwaka, ukiwa Nyali juu ya mwamba, ni kitu gani? Si kitu. Lakini kuna watu wanaoishi mahali ambapo ardhi ni tambarare kama meza, na hapo sentimita chache za bahari zinatembea mbali kuingia bara.

Kwanza tuelewane kuhusu kile kisima. Chini ya pwani yetu, maji matamu ya mvua yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Wataalamu wana hesabu yao ya zamani: mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia chini yake karibu mita 40 nyingine za maji matamu, ambazo ndizo zinazoizuia chumvi. Sasa vuta hiyo mita moja kwa pampu ya fleti za ghorofa saba, au bahari yenyewe ipande kidogo. Chumvi inapanda kutoka chini kuja kukusalimia. Kisima hakikauki. Kinageuka tu. Ndiyo maana Lamu watu wanachunga sana machuga ya mchanga ya Shela, maana mchanga ule unaonekana kama mahali pa watalii kupiga picha za machweo, kumbe ndio tangi la mji. Mvua inazama mle, na mji wa Lamu unakunywa kutoka mle. Kila anayejenga jumba la kifahari juu ya mchanga huo anajenga juu ya kikombe cha watu.

Haya, twende nilikokuwa nataka kukupeleka.

Panda basi la Lamu. Pita Malindi, pita Garsen, ushuke kabla ya kufika Lamu utafute pikipiki ya kwenda Kipini. Hapo ndipo Mto Tana, mrefu kuliko yote Kenya, unapomaliza safari yake ya karibu kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na Aberdare, ukaingia Bahari Hindi kwenye ghuba ya Ungwana. Ukipanda mto kwa mashua kidogo tu kutoka mlangoni pake unafika Ozi, kijiji cha Wapokomo wakulima. Delta yote hii iliingizwa mwaka wa 2012 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu duniani. Ndege, viboko, mamba, mikoko, vyote vimehesabiwa.

Lakini kitu kilichonishangaza mimi kuhusu Ozi si viboko. Ni vile walivyokuwa wakimwagilia mpunga.

Hawakuwa na pampu. Hawakuwa na dizeli. Walikuwa na mwezi. Wewe mtoto wa pwani unajua bamvua, zile siku mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ambapo maji yanajaa sana na kupwa sana. Bahari ikijaa wakati wa bamvua, inausukuma mto urudi nyuma. Mto ukikosa pa kwenda, unapanda kingo, unaingia kwenye mifereji na mashamba. Na maji yanayoingia ni ya mto, matamu, kwa sababu mto ulikuwa na nguvu na ile chumvi ilibaki nyuma, huko mlangoni. Bahari ndiyo iliyokuwa pampu yao, bila bili na bila fundi. Mzee alihesabu siku za mwezi, akajua lini afungue mfereji na lini aufunge.

Ukifikiria vizuri, ni akili ya hali ya juu sana. Kama kijana fulani angeileta kwenye mashindano ya ubunifu pale Nairobi na kuiita jina la Kizungu, angepewa tuzo na hundi kubwa ya kadibodi.

Sasa hesabu yenyewe imeharibika kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Bahari imepanda, kwa hivyo inasukuma kwa nguvu zaidi. Mto umepungua nguvu miezi ya kiangazi, kwa hivyo hausukumi kama zamani. Zile siku za bamvua ambazo zilikuwa baraka zinaleta chumvi hadi shambani. Mche wa mpunga hauvumilii. Ukiwa mchanga au unapotoa maua, chumvi inauchoma kuanzia ncha ya jani kushuka chini. Wakulima wa Ozi wameacha mashamba ya mpunga. Maembe, ambayo yalikuwa fahari ya kingo zile, yamekauka yakiwa yamesimama, maana mwembe hauna pa kukimbilia. Na ardhi ikishanywa chumvi haitoki kwa mvua moja. Inataka kuoshwa kwa maji matamu, tena na tena, msimu baada ya msimu. Maji hayo hayo ambayo hayapo.

Mwembe si mahindi useme utapanda tena mwezi wa tatu. Mwembe mkubwa ulipandwa na babu. Msimu ukifika, lori linakuja, maembe yanaenda Malindi na Mombasa, pesa zinaingia. Hizo pesa ndizo sare ya shule, ndizo mabati, ndizo karo ya yule binti aliyeitwa chuo. Mkulima wa huko hana mshahara wa mwisho wa mwezi, ana miti. Ikikauka kumi, ni kama umefutwa kazi na ukapoteza pensheni siku moja.

Nina kijisababu cha kulitaja hili la karo. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na kwetu hakukuwa na chumvi shambani, kulikuwa tu na salio ambalo halikulipika. Najua vile hali inavyokuwa: hakuna anayekufukuza, hakuna kilio. Unasema unapumzika muhula mmoja. Halafu mwingine. Kwa hivyo nikisoma kwamba "jamii za pwani zinaathirika na mabadiliko ya tabianchi", mimi namwona mtu mmoja anayekunja shuka la hosteli. Bahari haitaandikwa kwenye faili yake. Itaandikwa "hakuripoti".

Utaniuliza, si wawe wavuvi basi? Wako kando ya bahari!

Swali zuri, na linaulizwa sana na watu ambao hawajawahi kununua nyavu. Mashua na injini ni pesa ya kununua shamba. Kisha kuna kusi, ule upepo wa kutoka kusini unaovuma kuanzia karibu mwezi wa nne hadi wa tisa, bahari inachafuka na vyombo vidogo vinakaa dikoni. Waliokuwa wavuvi tangu mababu nao wana shida zao: matumbawe ya pwani yetu yalipauka vibaya kwa joto la bahari mwaka wa 1998, na hayajapumzika sana tangu hapo. Matumbawe yakifa, samaki wa karibu wanapungua. Anayevua kwa mtumbwi haendi bahari kuu. Akikosa yeye, mama karanga naye anakosa cha kukaanga jioni, na wale watoto wanaokula kwa biashara ya karai lake wanalala na uji. Ukimwongezea mkulima wa mpunga kwenye diko hilo, umeongeza mdomo, hujaongeza samaki.

Wafugaji je? Waorma wanaleta ng'ombe deltani kiangazi kwa sababu ndiko kunakobaki majani na maji. Ukipunguza sehemu yenye maji matamu, mkulima na mfugaji wanasongamana kwenye kipande kilekile. Mwaka wa 2012 hadi mapema 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Tana Delta. Siasa ilikuwamo, na ardhi ilikuwamo, sitaki kukudanganya kwamba ni chumvi iliyoshika panga. Ila maji matamu yakiwa machache, yule anayetafuta kuchochea anapata kuni kavu.

Turudi Kipini, ambako bahari imeacha aibu na kuchukua ardhi waziwazi. Mawimbi yamekula ufuo, yakala nyumba za watu, na wenyeji wamekuwa wakisogea nyuma. Unajenga, unasogea, unajenga. Wamelilia ukuta wa kuzuia bahari. Na hapa nitasema kitu ambacho huenda hakitawapendeza wengine. Ngome ya Fort Jesus mawimbi yalipoanza kuila kutoka chini, ilijengewa ukuta wa mawe kando ya bahari, na ni sawa, ni urithi wa dunia, hata mimi napenda kukaa pale. Lakini ngome ya Wareno ilipata ukuta wakati kijiji cha Wakenya bado kinaomba. Linganisha mwenyewe.

Halafu ukuta si dawa ya kila kitu. Hoteli ikijenga wake, wimbi haliendi nyumbani kulala, linageuka kumla jirani asiye na ukuta. Na hakuna ukuta wa kuzuia chumvi inayopita chini ya mchanga kwenda kisimani. Kwa kisima na kwa mpunga, ukuta wa kweli ni mto wenyewe. Maji matamu yanayoshuka kwa wingi wa kutosha ndiyo yanayoiambia bahari "ishia hapo".

Hapa sasa ndipo wewe wa Nairobi unapoingia. Ulifikiri hii ni habari ya watu wa pwani?

Maji unayooga Umoja, Roysambu au South B, kwa sehemu kubwa yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, kwenye Mto Thika. Mto Thika unaingia Tana. Lile handaki la Northern Collector nalo linateka maji kutoka mito ya Murang'a, nayo ni ya Tana. Ukishaoga, maji machafu yako hayarudi Tana. Yanaingia Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, yanatokea baharini kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki. Kwa hivyo maji yaliyokuwa njiani kwenda Ozi kusukuma chumvi yamepitia bafuni kwako na kubadilisha njia. Sisemi usioge, manze. Nasema ujue.

Na taa? Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yote ni mabwawa ya Tana. Kindaruma ilianza kazi 1968, Masinga ikafuata 1981. Yametupa umeme miaka yote hii, na umeme wa maji ni safi kuliko wa dizeli, hilo silipingi. Lakini bwawa linazuia vitu viwili. Linazuia yale mafuriko madogo madogo ya kila mwaka yaliyokuwa yakiosha ardhi ya delta. Na linazuia tope. Delta inajengwa kwa tope. Mto unaleta udongo, unautandaza, ardhi inapanda kidogo kidogo na kushindana na bahari. Tope likikaa chini ya Masinga, delta inabaki na urefu wake wa jana huku bahari ikiongeza sarafu zake mbili.

Kuna atakayesema: "Lakini si tuliona mafuriko ya 2023 na 2024? Garsen barabara ilikatika, watu wakahamishwa kwa boti. Maji yako tele!" Ndiyo, yalikuwa tele, kwa wiki chache, yote kwa pamoja. Mafuriko ya aina hiyo yanaosha chumvi, na yanaosha nyumba, mbuzi na mbegu pia. Kinachomwokoa mkulima wa mpunga ni mto unaoshuka polepole Januari, Februari na Machi, jua likiwa kali na kila mtu huku juu akivuta. Mtu aliyezama kwenye maji mwezi wa tano anaweza kukosa ya kunywa mwezi wa pili. Nchi hii tunaweza yote mawili.

Sijui kama umeshachoka na habari mbaya. Kuna za upande mwingine.

Gazi, kule Kwale, wanakijiji walianza mwaka wa 2013 mradi wanaouita Mikoko Pamoja. Wanatunza na kupanda mikoko, kaboni inayohifadhiwa inauzwa, na pesa zinarudi kijijini kwa maji na shule. Vanga wakafuata na wa kwao. Mikoko haizuii bahari kupanda, lakini inavunja nguvu ya wimbi, inashika tope, inalea samaki wadogo. Sina hakika napenda wazo la kampuni ya mbali kuendelea kuchoma mafuta kisha kutulipa tuwapandie miti. Lakini kijana wa Gazi aliyepata bomba la maji ana haki ya kuniambia ninyamaze.

Kuhusu wanaochoma mafuta: mchango wa Kenya kwenye gesi zinazopasha dunia joto haufiki hata asilimia moja. Mkutano wa COP27 pale Sharm el-Sheikh mwaka wa 2022 ulikubali kuanzisha mfuko wa kulipia hasara na uharibifu kwa nchi maskini, na Dubai 2023 ukazinduliwa rasmi. Vizuri. Mimi swali langu ni dogo: mwembe wa babu uliokauka unaingia safu gani kwenye ile fomu? Nyumba iliyobomoka unaipiga picha. Kisima kilichogeuka chumvi ukikipiga picha kinaonekana kisima tu.

Lakini tusimngoje mzungu kwa kila kitu. Sheria yetu ya Maji ya 2016 inasema kila mto uwe na kiasi kinachobakizwa kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe, kabla ya kugawia wengine. Hicho kiasi ndicho mpunga wa Ozi unachodai. Serikali imekuwa na mpango wa muda mrefu wa kujenga bwawa jingine kubwa zaidi kwenye Tana, la High Grand Falls. Mradi kama huo lazima uandikiwe ripoti ya athari kwa mazingira, na ripoti hiyo sharti itangazwe ili wananchi watoe maoni. Wananchi si wa Tana River peke yao. Aliye Pipeline anayelipia mtungi anaruhusiwa kuuliza swali moja kwa maandishi: Februari, mtabakiza maji kiasi gani yafike Kipini?

Nikiandika haya mwezi unakaribia kuwa mpevu, na jamaa wa mkokoteni amepita chini ya dirisha akipiga kengele. Mtungi mmoja wa matamu, mmoja nitajaza kisimani. Huko Ozi, aliyebakiwa na kipande cha shamba atashuka mtoni usiku maji yakijaa, achovye kidole, aonje, ndipo aamue kama atafungua mfereji.